Maji ya Dawa na Miiko Yake: Kisima Kiponyacho na Kiuacho, kutoka Ngarambe hadi Kongolo

Katika masimulizi ya kubuni yenye mambo ya ajabu, ambayo yamepata wasomaji wengi miongoni mwa vijana wa vyuo vikuu, kuna kisima kinachojitokeza mara kwa mara. Kisima hicho huponya. Mgonjwa aliyekatiwa tamaa hunywa funda moja akasimama. Kipofu huosha macho yake akaona. Lakini kisima hicho hicho huua. Anywaye kwa pupa, anywaye pasipo ruhusa, au anywaye hali amevunja mwiko, harudi kwao. Tena kila kisima cha namna hiyo hupewa historia yake: nani aliyekigundua, nani aliyekilinda, vita gani vilipiganwa kwa ajili yake, na kwa sababu gani kikaachwa kufunikwa na majani. Historia hiyo hubuniwa, nayo ndiyo inayokipa kisima uzito. Maji yasiyo na habari ni maji tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kukitafuta kisima hicho. Kimo katika fasihi yake, na kimo katika historia ya nchi zizungumzazo lugha yake, ambako watu wamekunywa, wamenyunyiziwa, wamepona na wamekufa. Mifano itatolewa sehemu mbili hasa, nazo ni bonde la Rufiji nchini Tanzania, na jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Kalemie ziwani hadi Kongolo iliyoko kwenye mto Lualaba. Sehemu hizi mbili hutazamwa mara chache pamoja, kwani wanahistoria wa Tanzania na wale wa Kongo wameandika kwa lugha tofauti za kigeni, hawa Kiingereza na wale Kifaransa. Lakini neno lililopigiwa kelele vitani pande zote mbili lilikuwa moja.

Upinde wa mvua na shimo

Kongolo ni mji wa Lualaba. Chini kidogo ya mji, mto huo mpana huingia katika mlango mwembamba wa mawe, ambao Wazungu wa karne ya 19 waliuita Mlango wa Jehanamu. Waluba, Wahemba na Wasongye wa eneo hilo wameishi na maji yanayolisha na kumeza kwa pamoja, na haishangazi kuona kwamba masimulizi yao makubwa yamejaa maji.

Jina la mji lenyewe humkumbusha msikilizaji wa Kiluba neno lenye maana ya upinde wa mvua. Katika kisasili cha kuanzishwa kwa ufalme wa Waluba, Nkongolo Mwamba ndiye mtawala wa kwanza, mkatili na asiye na adabu za kifalme. Mwindaji Mbidi Kiluwe anafika kutoka mashariki, anazaa na dada wa Nkongolo, kisha anaondoka. Mtoto wake, Kalala Ilunga, anakua na kuwa shujaa kupita mjomba wake. Nkongolo anaona wivu. Anaamuru shimo lichimbwe, lisimikwe vyuma vyenye ncha, na juu yake litandikwe mkeka. Kisha anamwalika mpwawe aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma aitwaye Kahia anamwonya kijana kwa mlio wa ngoma yake. Kalala Ilunga anaurusha mkuki wake katika mkeka, shimo linafichuka, naye anakimbilia ng'ambo ya mto kwa baba yake. Hatimaye anarudi na jeshi, na Nkongolo anakatwa kichwa.

Mwanaanthropolojia Mbelgiji Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu visasili vya Wabantu, alimsoma Nkongolo kuwa ni upinde wa mvua kwa maana yake kamili: nyoka wa angani anayeichoma mvua na kuleta ukavu, kinyume cha Mbidi anayeleta rutuba. Ukiufuata usomaji huo, shimo la mkekani si hila ya kivita tu. Ni kisima kilichopinduliwa. Limechimbwa kama kisima, limefunikwa kama kisima, lakini ndani yake pana chuma badala ya maji. Mwanahistoria Thomas Reefe naye, mwaka 1981, alitahadharisha kwamba Nkongolo asichukuliwe kuwa mfalme aliyeishi katika miaka fulani. Yeye ni mfano wa utawala mbaya, aliyewekwa mwanzoni mwa orodha ya wafalme ili waliofuata waonekane wema. Kwa maneno mengine, ni historia iliyobuniwa kwa kazi maalumu. Hata hivyo wenyewe waliihifadhi kwa makini makubwa: chama cha Mbudye kilitumia vibao vya lukasa, vilivyopambwa kwa shanga na michoro, ili kukumbuka mahali, majina na matukio. Miongoni mwa mahali panapoheshimiwa katika kumbukumbu hizo ni ziwa Boya, kwa kuwa roho za Kiluba zina desturi ya kukaa penye maji na chemchemi, si angani.

Neno dawa

Kabla ya kuendelea ni vyema kulitazama neno lenyewe. Dawa katika Kiswahili haina maana ya kuponya peke yake. Dawa ya kikohozi huponya, lakini dawa ya panya na dawa ya mbu huua. Dawa ya viatu haiponyi wala haiui. Mtu akisema kwamba jambo fulani dawa yake ni moja, huenda akakusudia fimbo. Kinachoziunganisha maana hizi ni wazo la kitu kidogo kinachotiwa ndani ya kitu kingine ili kukigeuza hali. Lugha nyingi za Kibantu huchanganya maana hizo bila shida yoyote, na mganga anayejua kufunga ndiye anayejua kufungua. Kwa hiyo kisima kiponyacho na kiuacho, ambacho kwa msomaji wa Ulaya ni kitendawili, kwa msemaji wa Kiswahili kimo tayari ndani ya neno.

Pwani nako pana maji ya dawa yenye heshima yake. Kombe, yaani sahani iliyoandikwa aya za Kurani kwa wino wa zafarani kisha ikasuuzwa na maji yake kunywewa, ni tiba ya zamani. Maji ya Zamzam huletwa na mahujaji na kunywewa kwa nia. Lakini maji haya hayana hatari. Anayeyanywa asipopona husema kuwa Mungu hakupenda, na habari huishia hapo. Hatari imo katika kisima kingine cha pwani, kile cha Fumo Liyongo. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo, akiwa amechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kutia mshale katika upinde wake, na hapo anakata roho. Watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa siku nyingi, kwa kuwa wanadhani yu hai. Hata mama yake anapoletwa kumbembeleza, hathubutu kumkaribia. Kiu ya mji mzima inaletwa na maiti. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kisima ambacho hatari yake yote imo katika kile ambacho watu wanakisadiki.

Kilindi cha Ngarambe

Kisa cha Ngarambe kinajulikana, lakini mara nyingi husimuliwa kwa haraka kuelekea vitani, na sehemu ya maji yenyewe ikarukwa. Inafaa kuisimulia taratibu.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na G. C. K. Gwassa katika miaka ya 1960, na ambayo baadhi yake yalichapishwa na yeye pamoja na John Iliffe mwaka 1968, mtu mmoja aitwaye Kinjikitile Ngwale, mkazi wa Ngarambe karibu na Rufiji, alipagawa na roho iitwayo Hongo katika mwaka 1904. Alitambaa kwa tumbo hadi katika kilindi cha maji akazama. Jamaa zake walijaribu kumzuia wasiweze. Wengine walipiga mbizi kumtafuta wasimwone. Siku ya pili aliibuka, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kusema maneno ya unabii. (Hongo huyu asichanganywe na hongo ya njiani iliyotozwa misafara, ijapokuwa wajumbe waliotumwa kueneza maji nao waliitwa kwa jina hilo la roho.)

Jambo linalosahauliwa ni kwamba penye Rufiji palikuwapo tayari ibada ya Bokero, na katika milima ya Uluguru palikuwapo Kolelo. Watu walikwenda huko kuomba mvua, kuomba mazao yasiliwe na wadudu na nguruwe, na kuomba uzazi. Maji yalikuwa ni dawa ya shamba na ya mwili. Watu walifika Ngarambe kwa makundi, kila ukoo na mashaka yake, na dawa waliyopewa ilikuwa maji yaliyochanganywa na vitu vya kawaida kabisa vya shambani, kama mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Habari zilienea kwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri kutoka sikio hadi sikio. Ndipo, katika kunong'onwa huko, dawa ya mvua ikawa pia dawa ya risasi. Haikuwa lazima maji yabadilike. Kilichobadilika ni ugonjwa. Watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani kwa malipo duni walikuwa wamekwisha kuona wazi ugonjwa wao ni nini.

Miiko ilikuwapo tangu mwanzo. Aliyepata maji asimkaribie mwanamke, asipore mali, asile vyakula fulani. Miiko ya namna hii ilihitajiwa na ibada za zamani ili mwombaji awe safi. Ilipohamia vitani ikapata kazi mpya, ambayo pengine hakuna aliyeikusudia: ilieleza kushindwa. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Aliyekufa alikuwa amevunja mwiko. Aliyesalia alikuwa ameushika. Kwa mantiki hiyo kila maiti ikawa ni ushahidi kwamba maji yanafanya kazi.

Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa aliona kwamba idadi ilifika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto makusudi na jeshi la serikali. Idadi hiyo ni vizuri ikumbukwe kila inaposemwa kwamba maji ndiyo yaliyowaponza watu. Maji hayakuchoma ghala hata moja.

Kongolo, Novemba 1964

Miaka hamsini na tisa baada ya Nandete, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wapiganaji wengine walinyunyiziwa maji. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulianzia mashariki mwa Kongo, na Albertville, ambayo leo ni Kalemie, iliangukia mikononi mwao mwezi Juni. Stanleyville, Kisangani ya leo, iliwafuatia tarehe 5 Agosti. Wapiganaji walichanjwa chale, wakapakwa dawa na kunyunyiziwa maji, wakaenda mbele wakipiga kelele: Mai Mulele! Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, alikuwa akipigana vita vyake mbali sana, upande wa magharibi katika Kwilu. Simba wengi hawakumwona kamwe. Jina lake lilikuwa limekwisha kuyeyuka ndani ya maji.

Tahajia inahitaji neno. Kiswahili sanifu kina maji, Kiswahili cha Katanga husema mayi, Kilingala mai. Waandishi wa habari waliandika kila walichosikia, na baadaye, vikundi vya miaka ya 1990 vilipotokea, umbo la Mai-Mai au Mayi-Mayi likashika. Mtafiti anayetafuta uhusiano wa moja kwa moja kati ya Majimaji ya 1905 na Mai-Mai ya Kongo kwa sababu ya kufanana kwa majina anajitafutia taabu, kwani maji ni neno ambalo lingetumika popote penye maji ya dawa. Kilicho cha kweli zaidi ni kufanana kwa masharti. Simba naye hakuruhusiwa kumgusa mwanamke, kupora, kuguswa na asiyechanjwa, wala kugeuka nyuma wakati wa vita. Alitakiwa aende mbele moja kwa moja.

Kwa muda wa miezi kadhaa maji hayo yalifanya kazi, na hili halina budi kusemwa waziwazi. Vikosi vya jeshi la taifa vilivyokuwa na silaha bora zaidi vilitupa bunduki na kukimbia mbele ya vijana wenye mikuki na matawi ya miti. Askari hao walitoka katika vijiji vile vile. Nao walijua kwamba risasi haimpati aliyepikwa dawa. Nguvu ya maji ilikaa katika moyo wa adui zaidi ya kukaa katika ngozi ya aliyenyunyiziwa. Hapa ndipo Ngarambe na Stanleyville zinapoachana. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Mahenge hakuwa na habari na kilindi cha Hongo wala hakuogopa. Askari wa serikali ya Kongo alikuwa na habari nacho, akaogopa.

Mambo yaligeuka Kongolo. Mji huo, ambao ulikuwa mikononi mwa serikali, ulifanywa kituo cha kukusanyia majeshi. Tarehe 1 Novemba 1964 msafara wa magari ya kivita, wenye askari wa Kongo na wa kukodiwa wa Kizungu chini ya Kanali Mbelgiji Frédéric Vandewalle, uliondoka hapo kuelekea kaskazini. Tarehe 5 Novemba Kindu ilitwaliwa. Tarehe 24 Novemba, siku ile ile askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka Stanleyville, msafara huo nao uliingia mjini. Waliokuwa ndani ya magari hayo hawakuwa na mwiko wowote wa kuvunja. Simba waliosimama wima barabarani, kama sharti lilivyowaelekeza, waliuawa wakiwa wamesimama.

Mganga wa Bendera

Upo ushahidi mmoja wa mwaka uliofuata ambao unastahili kutazamwa kwa urefu zaidi, kwa sababu unaonyesha miiko ikifanya kazi mbele ya macho ya shahidi asiyeiamini. Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika mwezi Aprili 1965 akiwa na Wakuba wachache ili kuwasaidia waasi waliosalia. Wakuba hao walipewa majina ya hesabu za Kiswahili kwa kufungua kamusi. Yeye mwenyewe akawa Tatu, jina ambalo wasimulizi wa eneo hilo hawakulisahau. Katika kumbukumbu zake za vita hivyo, ambazo zilichapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, anaeleza jinsi alivyofafanuliwa habari za dawa katika siku zake za mwanzo. Mpiganaji alihifadhiwa nayo, ila kwa masharti: asichukue kisicho chake, asimguse mwanamke, na asiogope.

Sharti la tatu ndilo la kutazamwa. Mwiko wa kumgusa mwanamke unaweza kushikwa. Mwiko wa kupora unaweza kushikwa. Lakini ni nani anayekwenda mbele ya risasi pasipo hofu hata kidogo? Aliyelitia sharti hilo alikijua kisima chake vizuri, kwani alihakikisha kwamba hakuna aliyekufa ambaye hawezi kulaumiwa. Guevara mwenyewe aliona hatari yake mapema, akahofu kwamba siku ya kushindwa watu wangewageukia Wakuba kwa madai kuwa ndio walioiharibu dawa kwa kutoamini.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa Juni 1965, katika shambulio la Bendera, penye kituo cha umeme wa maji kaskazini ya Kalemie. Shambulio lilishindwa vibaya. Wakuba wanne waliuawa pamoja na Wanyarwanda waliopigana upande wao. Baada ya hapo, anaeleza Guevara, lawama ilimwangukia mganga kwamba dawa yake ilikuwa mbovu. Mganga akajitetea kwa kutaja wanawake na hofu. Lakini mahali pale hapakuwa na wanawake, na si wote waliokuwa tayari kukiri kwamba waliogopa. Utetezi ukamshinda, akavuliwa cheo. Na jambo lililowashughulisha viongozi baada ya hapo lilikuwa kumtafuta mganga mwingine aliye bora.

Mkasa huu mfupi unaonyesha jambo ambalo nadharia huwa hazilifikii. Watu wale hawakuwa wajinga waliokubali kila waambiwalo. Walichunguza, wakapima maelezo ya mganga dhidi ya mambo waliyoyaona, wakamkuta na kosa. Lakini uchunguzi wao ulikoma kwa mganga, haukukifikia kisima.

Kinjeketile wa jukwaani

Fasihi ndiyo iliyokifikia. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ilimchukua mtu wa Ngarambe na kumpa jina lenye tahajia tofauti kidogo. Tofauti hiyo ni ya faida, kwa kuwa Hussein mwenyewe alisema wazi kwamba mtu wake ni wa kubuni, asipimwe kwa yule wa historia. Wanafunzi wengi huisoma tamthilia hii kama habari ya ushujaa wa taifa, na ilipoandikwa wakati wake uliruhusu usomaji huo. Lakini kiini chake ni mtu aliyeleta maji kutoka mtoni na kisha akashindwa kuyarudisha. Kinjeketile anapotulia anakumbuka kwamba roho iliahidi watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye anashtuka: je, hiyo ni roho ya ukombozi, au ni mtawala mwingine anayesubiri mlangoni? Tangu hapo anawataka watu wangoje. Watu hawangoji. Maji yameshakuwa yao.

Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo ili watu wasife zaidi. Anakataa, kwa kuwa akisema hivyo vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa uongo. Wahakiki wamelibishania sana jambo hili. Baadhi wameliona kuwa ni uamuzi wa shujaa, na wengine wameliona kuwa ni kiburi cha mtu anayewaacha wenzake wafe kwa ajili ya ishara. Maandishi ya Hussein hayaegemei upande wowote, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Ikilinganishwa na tamthilia hii, ile kawaida ya masimulizi ya ajabu ya kukifunga kisima kwa jiwe katika ukurasa wa mwisho ni njia nyepesi mno. Kabla ya Hussein, habari za vita hivi zilikuwa zimekwisha kutungwa kwa Kiswahili na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, mwanafunzi atakayezisoma kazi hizi mbili sambamba atafaidika.

Kikombe cha Samunge

Isidhaniwe kwamba kisima hiki ni cha zamani au cha vita tu. Mapema mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Aliwapa kikombe cha maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500, akisema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto na kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilikuwa ndefu kwa kilometa nyingi. Walikwenda wakulima, walikwenda na mawaziri.

Masharti yalikuwapo. Kikombe kilikuwa kimoja tu kwa kila mtu, tena kinywewe pale pale, na kitolewe kwa mkono wa Babu mwenyewe. Kikibebwa nyumbani, au kikitolewa na mwingine, hakina nguvu. Mti wenyewe haukuwa na sumu ya kutisha, na jamii za huko zilikuwa zikiutumia tangu zamani. Hatari ilikuwa njiani na baada ya kunywa. Wagonjwa mahututi walitolewa katika vitanda vya hospitali na kusafirishwa kwa siku kadhaa katika barabara mbovu. Wengine walifia ndani ya magari na katika foleni. Kati ya waliorudi walikuwapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao za kila siku, kwa imani kwamba wamekwisha kupona. Virusi havikungoja.

Mwasapila alifariki tarehe 30 Julai 2021. Lugha imebaki na urithi wake: nchini Tanzania, kikombe cha Babu ni fungu la maneno linaloeleweka pasipo maelezo, na husemwa kwa dhihaka zaidi kuliko kwa imani. Huko Kongo neno limekwenda njia nyingine. Katika jimbo la Tanganyika, lililoundwa mwaka 2015 baada ya Katanga kugawanywa, Mai-Mai limekuwa jina la kundi lolote la wenye silaha vijijini wasio wa jeshi la serikali, na msemaji akilitamka hana haja ya kuuliza kama walinyunyiziwa kitu au hawakunyunyiziwa.